Nani Aliyeleta Upepo?

Kuna maneno matatu ambayo mtu wa Ziba huyasikia kabla hata vumbi la ukuta ulioanguka halijatulia: kazi ya Mungu. Upepo ukiezua paa, mvua ya mawe ikilaza pamba iliyokuwa karibu kufungua vitumba, ukuta ukiwaangukia watu usingizini, maneno huwa hayo hayo. Huyasema jirani anayekuja na blanketi. Huyasema fundi aliyejenga nyumba. Huyasema kiongozi anayefika siku ya tatu kuandika majina ya waathirika. Wote hutumia sauti ya upole, na wote hujibiwa "ahsante". Lakini kadiri ninavyoyasikia, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba watu hawa watatu hawasemi jambo moja, na kwamba tofauti kati yao inagusa swali ambalo sisi wa nchi za mvua na upepo hatujalijibu vizuri. Dhoruba ikiua, je, kuna mtu wa kudaiwa?

Nianze na dhoruba yenyewe, kwa sababu watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria bahari. Ziba ipo Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, mamia ya kilomita kutoka pwani. Wazee wa nchi hii waliijua bahari kwa miguu yao, maana Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara iliyokwenda Bagamoyo na kurudi kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Bahari yenyewe haikuwahi kuwafuata nyumbani. Kimbunga cha baharini huishi kwa joto la maji, na kikiingia nchi kavu hukosa chakula na kufa. Tena huhitaji mzunguko wa dunia ukisokote, na karibu na ikweta nguvu hiyo ya kusokota ni ndogo mno. Kwa hiyo Ziba haitapata kimbunga cha aina ile inayoonyeshwa kwenye picha za setilaiti, chenye jicho katikati.

Kinachotupata sisi huzaliwa mchana na kufa kabla ya usiku kwisha. Jua linaipasha moto ardhi ya mbuga, hewa yenye unyevunyevu inapanda, wingu linakua kwenda juu kuliko mlima wowote tunaoujua, na ndani yake matone yanaganda, yanapandishwa, yanashuka, yanapandishwa tena hadi yanakuwa mawe. Halafu wingu linashindwa kujibeba. Hewa baridi inaporomoka pamoja na mvua, inaigonga ardhi na kutawanyika pande zote kama maji yaliyomwagwa kutoka kwenye ndoo. Hapo ndipo mabati yanapoondoka. Jambo lote laweza kuchukua nusu saa, na kijiji cha jirani kikabaki kikavu.

Dhoruba hizi hazina majina. Kimbunga Idai cha Machi 2019 kilichoipiga Beira kina jina. Kenneth, kilichofuata mwezi wa Aprili mwaka huo huo na kuiweka Mtwara katika hofu kabla ya kuingia Msumbiji, kina jina. Hidaya, kilichofika karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, kina jina. Kitu chenye jina huandikiwa historia, hutafutiwa hesabu, hukumbukwa kila mwaka. Dhoruba ya kwetu husemwa tu "ule upepo wa mwaka ule", na baada ya misimu michache hata mwaka wenyewe hubishaniwa.

Moja imekataa kusahaulika. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo viliipiga Mwakata, wilayani Kahama, katika mkoa wa jirani wa Shinyanga. Hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa watu 38, kisha ikapanda hadi 42. Nchi nzima ilishangaa: mvua, tu, inawezaje kuua watu wengi hivyo katika usiku mmoja, mbali na bahari, mbali na mto mkubwa? Jibu lilikuwa limelala chini pamoja na marehemu. Wengi hawakuuawa na mawe ya barafu. Waliuawa na nyumba zao. Kuta za matofali mabichi zililowa, zikalainika, zikaporomoka juu ya watu waliokuwa wamekimbilia ndani kujificha na mvua.

Nakaa na taarifa hiyo mara kwa mara. Mtu anakimbilia mahali pa usalama, na mahali hapo ndipo panapomuua. Nani aliyemuua?

Watu wa nchi hii wamekuwa wakiuliza swali la namna hiyo kwa muda mrefu, na wamelijibu kwa njia mbalimbali. Zamani za watemi, mvua ilikuwa jambo la mtemi. Alitarajiwa kuiita pamoja na waganga wake, na ikikosekana au ikija kwa hasira, watu walimtazama yeye. Leo tunaweza kucheka imani hiyo, lakini ndani yake mlikuwa na wazo ambalo si la kuchekwa: mwenye kula kodi ya nchi hawezi kusema kwamba mbingu hazimhusu. Watemi waliondolewa madaraka kisheria mwaka 1963, na mvua ikabaki bila mwenyewe.

Bila mwenyewe, lakini si bila mshukiwa. Njia nyingine ya kujibu ilikuwepo na ingalipo, nayo ni kumtafuta mchawi. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa kusini mwa Sudani, anaeleza habari ya ghala lililoanguka na kuwaumiza watu waliokaa chini yake kukwepa jua. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walijua pia kwa nini watu walikaa pale: palikuwa na kivuli. Walichouliza ni kwa nini mambo hayo mawili yalikutana saa ile ile, juu ya watu wale wale. Kwa swali hilo sayansi ya mchwa haina jibu, nao wakajibu: uchawi.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye matanga ya aliyepigwa na radi huku kwetu analifahamu swali hilo. Kwa nini yeye na si yule aliyekuwa naye? Ni swali la uchungu, si la ujinga. Lakini tunajua pia gharama yake. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi wakituhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kupikia kwa maisha yao yote. Pale ambapo msiba lazima uwe na mtu aliyeuleta, mtu huyo hupatikana, na mara nyingi huwa ni yule asiye na mtu wa kumtetea.

Kwa hiyo namwelewa anayesema kazi ya Mungu. Maneno hayo yameokoa maisha. Kijiji kinachosema kwamba upepo umetoka kwa Mungu hakiendi na mapanga kwa bibi wa jirani. Na kwa mfiwa mwenyewe, maneno hayo ni fimbo ya kusimamia. Mama aliyempoteza mwanawe usiku hahitaji kuelezwa habari za hewa baridi inayoporomoka. Anahitaji kujua kwamba kilichotokea hakikumwacha peke yake katika dunia isiyo na mpangilio wowote.

Tatizo langu linaanza tunapogundua kwamba majibu yote matatu, la mtemi, la mchawi na la Mungu, yanajibu swali moja: nani aliyeleta upepo? Na upepo, peke yake, haukumuua mtu Mwakata.

Mwaka 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Lisbon na kuua maelfu ya watu, wengi wakiwa kanisani. Ulaya nzima ikabishana juu ya Mungu. Voltaire aliandika shairi la kuilaumu falsafa iliyodai kwamba kila kitu ni chema. Jean-Jacques Rousseau akamjibu kwa barua mwaka uliofuata, na katika barua hiyo akasema jambo ambalo wengine hawakulifikiria: si maumbile yaliyokusanya pale maelfu ya nyumba za ghorofa sita na saba. Tetemeko lingepita nyikani, nani angelitungia shairi?

Tuuchukue mtazamo huo tuulete Ziba, tutazame ukuta. Nyumba za zamani katika nchi hii zilikuwa za aina zaidi ya moja, na mojawapo ilikuwa tembe: kuta za miti na udongo, na paa bapa la magogo lililobebeshwa udongo juu. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, bado ipo tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872, imefanywa makumbusho. Paa la tembe lina uzito wake na kasoro zake. Huvuja, hukaribisha mchwa, na mvua ya siku nyingi hulilemea. Lakini haliruki. Hakuna upepo unaobeba udongo na magogo ukaenda kuyatupa shambani kwa jirani.

Bati huruka. Hili halina maana kwamba turudi kwenye tembe. Bati ni kitu kizuri: halivuji, hukinga maji safi ya kunywa, na mwanamke mwenye nyumba ya bati halazimiki kutafuta nyasi kila baada ya misimu michache. Lakini bati lina sharti. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ukiingia kwa mlango ulio wazi hulisukuma kutoka ndani, kwa hiyo paa jepesi linapaswa kufungwa kwenye ukuta, na ukuta ufungwe kwenye ardhi. Mkanda wa zege juu ya kuta, waya au nondo inayoshuka kutoka kwenye kenchi, papi zilizokaribiana, misumari ya kutosha: mambo hayo ndiyo nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za vijijini kwetu zina bati bila sharti lake. Kenchi imelazwa tu juu ya ukuta wa tofali bichi, na kinachoishikilia ni uzito wake na desturi ya upepo kutokuwa mkali sana.

Basi Rousseau angesema: mmejenga vibaya, msilaumu mbingu. Hapa namwacha, kwa sababu maneno hayo yanategemea yanatoka kinywani mwa nani.

Mama yangu mkubwa ana nyumba Ziba. Aliijenga kwa pesa ya pamba, vyumba viwili mwaka mmoja, sebule baada ya misimu miwili. Aliweka bati la geji 32, ambalo ni jembamba, maana katika mabati namba ikipanda unene unapungua. Fundi alimwambia habari ya mkanda wa zege, na alimtajia bei. Mwaka huo watoto wawili walikuwa wanaingia sekondari. Upepo ulipochukua paa la sebule, mtu mmoja aliyesoma alisimama uani na kueleza, kwa Kiswahili kizuri, umuhimu wa kujenga nyumba bora. Mama mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, akampa kiti, kisha akarudi kuokota mabati yake mpungani.

Mtu yule alisema kweli tupu, na ilikuwa ni kumtukana. Mama mkubwa hakuchagua kati ya nyumba imara na nyumba dhaifu. Alichagua kati ya zege na ada. Tukisema kwamba dhoruba huua kwa sababu watu hujenga vibaya, tumeihamisha lawama kutoka mbinguni na kuitua juu ya kichwa kile kile kilichokuwa kimeangukiwa na ukuta. Kwa namna fulani tumefanya kama wanaomtafuta mchawi. Tumempata mshukiwa aliye karibu na asiye na nguvu ya kujitetea.

Hapa ndipo inapobidi kuuliza si tu nani aliyeleta dhoruba, bali nani anaachiwa kuilipia. Historia ya pwani yetu ina mfano mkali. Tarehe 15 Aprili 1872, wakati Livingstone yuko Unyanyembe akisubiri wapagazi, kimbunga kiliipiga Unguja. Meli zilizama bandarini na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'olewa. Sultani Barghash, aliyekuwa na mwaka wa pili tu kwenye kiti, aliupoteza utajiri mwingi kwa siku moja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na katika miaka iliyofuata ndiyo iliyokuja kuwa kisiwa cha karafuu. Lakini mikarafuu haijipandi. Ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Hasara iliyoanzia kwenye mashamba ya matajiri ilitafutiwa fidia katika migongo ya watu ambao hawakumiliki hata mti mmoja kati ya ile iliyoanguka.

Katika kisa hicho upepo haukubagua. Uliivunja meli ya sultani kama ulivyovunja ngalawa ya mvuvi. Ubaguzi ulikuja baadaye, tena kwa utulivu, katika hesabu za wafanyabiashara. Nadhani hali huwa hivyo karibu kila mara. Dhoruba ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya saa moja, na huenda kweli haina wa kudaiwa. Ya pili ni ya miaka: iliyotangulia, watu walipokuwa wanaachwa chini ya kuta za aina ile, na inayofuata, hasara inapogawanywa. Hiyo ya pili hutendwa na watu.

Mtu anaweza kujibu kwamba huu ni mchezo wa maneno. Hata kama kugawa hasara ni kazi ya watu, mbona asiyeileta hasara adaiwe? Hoja hii si ya kitoto. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi za Bukoba na vitongoji vyake, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi mwanzoni mwa 2017 kwamba serikali isingeweza kumjengea kila mtu nyumba, na kwamba si serikali iliyoleta tetemeko. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ni ya bajeti, na watu wenye akili wanaweza kubishana juu yake: shule na barabara za wote, au nyumba ya kila mmoja? Ni sehemu ya pili inayonishughulisha, maana ni falsafa nzima katika sentensi moja. Inasema kwamba asiyesababisha hadaiwi.

Hakuna kijiji ninachokijua kinachoishi kwa kanuni hiyo. Mtoto akitumbukia kisimani, mpita njia haulizwi kama ndiye aliyemsukuma. Nyumba ikishika moto, majirani hawasubiri uchunguzi kabla ya kuleta maji. Kudaiwa kwa sababu umesababisha ni aina moja tu ya deni. Kuna lingine linalotokana na kujua na kuweza: ulijua, uliweza, na ilikuwa zamu yako. Deni hilo la pili huwa zito zaidi kadiri mtu anavyokuwa amepewa zamu rasmi. Mpita njia akikiacha kisima wazi ni mzembe. Aliyeajiriwa kukifunika, akikiacha, ni kitu kingine.

Mwanafalsafa Judith Shklar alikiandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1990. Alitambua kwamba mpaka kati ya bahati mbaya na dhuluma haukai mahali pamoja, na kwamba wenye nguvu wana sababu ya kuuita msiba bahati mbaya, wakati anayeumia huenda anaona dhuluma. Alichosisitiza ni kwamba dhuluma si lazima itendwe. Inaweza pia kuachwa itokee na watu wema walioshughulika na mambo mengine.

Mpaka huo husogea pamoja na ujuzi. Mwaka 1872 hakuna mtu Unguja aliyeweza kujua siku mbili kabla kwamba kimbunga kinakuja. Mwaka 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilimfuatilia Hidaya hatua kwa hatua, ikatoa taarifa mfululizo, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Hidaya alipungua nguvu alipofika Mafia, na watu wengine wakasema tahadhari ilikuwa ya bure. Haikuwa ya bure. Ilikuwa ni nchi ikitimiza deni la kujua na kuweza. Lakini tukishaweza kufanya hivyo mara moja, tumepoteza haki ya kusema kwamba haiwezekani.

Dhoruba ya Ziba ni ngumu zaidi kuitabiri. Hakuna anayeweza kusema Jumatatu kwamba Jumatano saa kumi upepo utaangukia mtaa huu na si ule. Taarifa inaweza kusema mkoa, inaweza kusema vipindi vya mvua kubwa na upepo mkali, basi. Kutokana na hilo wengi huhitimisha kwamba kwa dhoruba za bara hakuna la kufanya. Mimi nahitimisha kinyume. Pale ambapo onyo haliwezi kufika kwa wakati, wajibu unahamia mahali ambapo wakati haukosekani: kwenye ukuta, miaka kadhaa kabla. Hatujui ni nyumba ipi itapigwa mwaka ujao, lakini tunajua kwa uhakika wote ni nyumba za aina gani zitakazoanguka. Baada ya Mwakata hakuna anayeweza kusema hajui. Kumfundisha fundi wa kijijini kufunga kenchi, kuhakikisha kwamba paa la darasa la umma limefungwa kama ramani inavyotaka, kulifanya suala la mkanda wa zege liwe la mkopo wa kikundi badala ya kuwa la pamba ya mama mmoja: hakuna katika hayo kinachohitaji setilaiti.

Najua kuna mdaiwa mwingine, wa mbali. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, na joto hilo halikutoka kwenye mafiga ya Igunga. Mataifa yaliyochoma makaa na mafuta kwa karne mbili yana deni la aina ya kwanza, la kusababisha, na mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ni kukiri kidogo kwa deni hilo. Tudai. Lakini mdaiwa wa mbali anaweza pia kuwa maficho ya wa karibu. Kiongozi anayesema "ni tabianchi" kwa sauti ile ile ambayo baba yake alisema "ni mapenzi ya Mungu" amebadilisha msamiati tu.

Sasa nirudi kwa Mungu, maana simtoi kwenye habari hii. Wanaotumia jina lake kufunga mjadala hawajamsikiliza vizuri. Wakristo wana mfano wa nyumba mbili, moja juu ya mwamba na nyingine juu ya mchanga, na mvua na upepo huja kwa zote mbili. Waislamu wanasimuliana habari ya bedui aliyeambiwa na Mtume amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Hakuna dini kati ya hizi inayofundisha kwamba imani ni mbadala wa kamba.

Baada ya ule upepo, kiongozi mmoja alifika kwa mama mkubwa na daftari. Aliandika idadi ya mabati, akatikisa kichwa, akasema tuvumilie, kazi ya Mungu haina makosa. Mama mkubwa, ambaye huimba kwaya na hajawahi kukosa ibada isipokuwa kwa ugonjwa, alimwitikia kwa heshima zote: "Ni kweli, mwanangu. Ya Mungu tumeyapokea. Sasa tuambie na ya kwenu."

Sijui kama alijua amesema nini. Lakini ndani ya sentensi hiyo naona tofauti niliyokuwa naitafuta. Maneno "kazi ya Mungu" ni ya mfiwa. Yeye ana haki ya kuyasema, kwa kuwa kwake ni subira: amekubali kubeba kile kisichoweza kurudishwa. Jirani mwenye blanketi anaweza kuyasema pia, maana blanketi lake limekwisha kuonyesha kwamba hayatumii kukwepa kitu. Fundi aliyejua habari ya mkanda na kuitaja ana haki kidogo. Fundi aliyejua na kunyamaza hana. Na mwenye daftari, ambaye zamu yake ilikuwa ni kusimama kati ya upepo na ukuta, anapoyasema yeye kwanza, kabla ya mwenye msiba, anachukua subira ya mtu mwingine na kuifanya kuwa risiti ya deni lake mwenyewe.

Mvua za kwanza huku kwetu huanza kukaribia Oktoba na Novemba, na dalili yake ni vumbi linalozunguka mashambani mchana wa joto. Huo ndio msimu ambao watu hupanda juu ya nyumba zao kugongea misumari iliyolegea na kuweka mawe juu ya mabati. Mawe hayo huwa nayatazama kwa mashaka, kwa sababu jiwe lililo juu ya bati nalo huruka. Lakini ndiyo kamba waliyo nayo kwa sasa. Anayewaona wakifanya hivyo hawezi kusema kwamba watu hawa wamemwachia Mungu kila kitu. Wameshafanya sehemu yao, kwa mawe.